Lamu na chama cha walimu: mgomo si mwanzo wa kisa

Muhula ukifunguliwa kwa mgomo, maskani za Amu, mji wa Lamu, hutoa hukumu ile ile: walimu wametanguliza tumbo, wanaoumia ni watoto. Haikosi ukweli. Mwaka 2015 masomo ya shule za umma yalikwama wiki 5, za binafsi zikaendelea, kisha mtoto wa mvuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, akakalia mtihani ule ule wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, na wenzake waliosoma muhula mzima.

Lakini KNUT, chama cha kitaifa cha walimu, haikuzaliwa kwa uchu wa kugoma. Mwaka 1957 mwalimu alikuwa mikononi mwa aliyemwajiri, misheni hapa, halmashauri pale, kila mmoja na masharti yake. Chama kikadai mwajiri mmoja, hadi kugoma, na TSC, tume ya kuajiri walimu, ikaundwa 1967. Ndiyo maana mwalimu wa Faza, kisiwani Pate, leo yuko kwenye ngazi ile ile ya mshahara na wa Nairobi. Kama kila eneo lingelipa kwa uwezo wake, sijui Pate ingempata nani.

Na tuutazame vizuri mwaka 1997. Uchaguzi ukikaribia, serikali ilikubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa miaka 5. Kura zikapigwa. Awamu ya kwanza ikalipwa, zilizobaki zikakwama, na 1998 walimu wakagoma tena. Tukamwita mkaidi anayedai kilichotiwa saini! Hata mgomo wa 2015 ulifuata uamuzi wa mahakama uliowapa asilimia 50 hadi 60, ambao serikali haikuutekeleza. Mahakama ya Rufaa iliutengua baadaye, wanafunzi wakiwa wamesharudi darasani.

Chama kinaponitia shaka ni kwenye uhamisho wa walimu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, usalama ulizorota, walimu wa bara wakaondoka, na shule za wadi ya Basuba zikafungwa kwa miaka. Kumtetea mwalimu anayehofia roho yake ni haki. Ila mtoto wa Kiaweer (Boni) kule Mangai, katika wadi hiyo, nani amgomee?

Hata waliobaki visiwani wana yao. Mwalimu wa Kizingitini mwenye karatasi za kushughulikia Amu kwa miaka alipanga safari kwa bamvua na maji mafu, maana maji yakipwa boti haikupita mkondo wa Mkanda kabla haujachimbwa. Siku imekwenda, nauli imetoka mfukoni mwake. Hilo bado sijaliona kwenye notisi yoyote ya mgomo.