Na mwalimu mzuri anaenda darasa lipi?
Mnaotaka wanafunzi wapangwe madarasa kwa uwezo ili vipanga wasicheleweshwe, sawa nimewaelewa, ila mbona hamsemi mwalimu mzuri anapelekwa wapi? Anaenda kwa vipanga, huku kwa hao mnaowaita vilaza anatupwa yeyote tu alafu baadae tunashangaa pengo limekua. Ufini walikuwa wanagawa hivyo kwenye hesabu na lugha za kigeni wakaacha 1985 na wala hawajazama. Ujerumani majimbo mengi mtoto anachujwa na kupangiwa aina ya shule ya sekondari akiwa na miaka 10 hivi, miaka 10 jamani, wengine ndo kwanza akili inaanza kuchangamka! Kama lazima mgawe basi iwe somo moja moja na mtoto aweze kuhama hata katikati ya mwaka, sio kumgonga muhuri mpaka amalize shule.