Gungrave: steringi aliyekufa mapema

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua kanuni moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini filamu ikiisha utamkuta amesimama. Gungrave, anime (katuni ya Kijapani) iliyotokana na gemu la video, inaivunja kanuni hiyo kabla hujakaa vizuri. Steringi wake, Brandon Heat, ni maiti iliyofufuliwa maabara. Anaishi kwa kubadilishiwa damu, anabeba jeneza mgongoni na haongei.

Ningesimuliwa hivyo tu, nisingeitazama. Na gemu lenyewe, lililotoka mwaka 2002 kwa PlayStation 2, halikutoa zaidi ya hayo. Wahusika walibuniwa na Yasuhiro Nightow, yule aliyechora katuni ya Trigun, kwa hiyo sura zilivutia. Kazi yako ilikuwa kufyatua bastola mbili bila kupumzika, kila kinachovunjika kinahesabiwa, na kwa jioni moja umemaliza. Kisa kilibanwa kwenye vipande vifupi kati ya hatua na hatua: marafiki wawili, mmoja akamsaliti mwenzake, na msaliti huyo, Harry MacDowell, sasa ndiye mkuu wa genge liitwalo Millennion. Mwue yeye na watu wake. Basi.

Watu wa studio ya Madhouse walipoligeuza kuwa anime ya sehemu 26, iliyorushwa Japani kati ya Oktoba 2003 na Machi 2004, waliuliza swali ambalo gemu halikujali: urafiki huo ulifikaje hapo? Sehemu ya kwanza inatuonyesha maiti na bunduki. Ya pili inarudi nyuma miaka mingi, kwa vijana watano wa mtaani wanaoiba, wanapigana na kucheka ovyo, na inabaki huko nyuma karibu nusu ya safu nzima. Hakuna zimwi wala jeneza. Kuna Harry mwenye mdomo unaouza chochote, na Brandon anayempenda msichana aitwaye Maria lakini hajui aanzie wapi kumwambia.

Hapa ndipo safu hii inapostahili sifa zote inazopewa. Wawili hao wanaingia Millennion, iliyo chini ya mzee anayeitwa Big Daddy, na wanapanda vyeo kwa njia mbili tofauti. Harry anapanda kwa hila na maneno. Brandon anapanda kwa kuua, na hasa kuua wasaliti, maana sheria ya genge ni kwamba msaliti hana msamaha. Maria anaishia kuwa mke wa Big Daddy, na Brandon anameza hata hilo. Ukiiweka sheria ile kando ya tamaa ya Harry unaona mapema treni inakokwenda, na unatamani mtu aivute breki.

Kisha usiku unafika. Harry anamtaka Brandon wamwondoe Big Daddy. Brandon ananyoosha bastola. Sheria inamtaka afyatue, na kufyatua ndiyo kazi anayoijua kuliko kitu chochote duniani, ila kidole hakivuti. Harry anaona kwamba hakitavuta. Anatoa ya kwake na kumpiga risasi, tena na tena, hadi jicho moja linakwenda. Katika gemu nimefyatua maelfu ya risasi na sikumbuki hata moja. Ile ambayo Brandon hakuifyatua siisahau.

Sasa upande wa pili. Baada ya mauaji hayo hadithi inarudi pale gemu lilipoanzia, na deni linaanza kulipwa. Gemu lilikuwa na mabosi, yaani maadui wakubwa wa kupigana nao mwisho wa hatua, kwa hiyo anime nayo lazima iwe nao: Bob Poundmax, Balladbird Lee, Bunji, mzee Bear Walken, mmoja baada ya mwingine kama foleni ya kliniki. Hadithi ya uhalifu iliyosimama juu ya woga, madeni na heshima inageuka ghafla kuwa ya mazimwi. Mtu uliyemzoea akiwa na suti na sigara sasa anaota misuli na kunguruma. Mapigano mengi ni picha zilizosimama zinazomulikwa na moto wa risasi, na gitaa la Tsuneo Imahori, mtunzi wa muziki wake, ndilo linalobeba mzigo.

Wapo wanaoitetea nusu hii, na hoja yao ina uzito. Wanasema zimwi ndiyo gharama ya Harry kutaka uhuru usio na mipaka: amewageuza watu wake kuwa vifaa. Kwa Bear Walken nakubaliana nao. Ni mkuu wa wauaji wa genge, na pia ni baba mkwe wa Harry, kwa hiyo akikabiliana na Brandon kuna familia nzima imesimama katikati yao. Kwa Bob, anayekula bila kupumzika, sioni zaidi ya kichekesho kilichorefushwa.

Nisichokisamehe ni wanawake. Maria na Sherry, mke wa Harry, wanapewa kazi moja: kungoja wanaume na kuwalilia. Mika, binti wa Maria, anaanza vizuri, mtoto anayewindwa akamtafuta mlinzi asiyejibu, kisha anasahaulika mara kwa mara hadi atakapohitajika kuokolewa.

Mashabiki bado wanabishana uanzie wapi. Ukianza na sehemu ya kwanza unajua tangu mwanzo kwamba urafiki ule utaishia kwa risasi, na kila kicheko cha vijana wale kinakuchoma. Ila ni sehemu iliyojaa jeneza na milipuko, na imewafukuza wengi kabla ya kuonja utamu. Mdogo wangu nilimwanzishia ya pili kwa makusudi. Alizama humo, usiku ule wa risasi ulipofika akatukana televisheni, ndipo nikamwekea ya kwanza. Akamtazama yule bubu akinyanyuka kitandani, kimya, dakika nzima. Halafu akaniuliza, “Kaka, huyu ndiye Brandon?”