Ozzy Osbourne tunamshtaki kwa kosa lisilo lake

Tangu Ozzy Osbourne, yule mwimbaji Mwingereza wa metal, ile rock nzito ya magita, afariki tarehe 22 Julai 2025 ile stori ya kuabudu shetani imerudi tena hapa Nakuru, na vijana wanaosikiza metal wanaambiwa waende waombewe. Hiyo hofu naielewa. Hii ni nchi ambayo mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada za shetani, mwenyekiti akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kwa hivyo wazazi wetu hawakuyatoa hayo mambo hewani. Na Ozzy mwenyewe aliwapa watu sababu, bendi yake inaitwa Black Sabbath, msalaba uko shingoni, halafu Januari 1982 huko Des Moines, Marekani, akang'ata kichwa cha popo stejini, eti alidhani ni wa mpira. Mama wa mtaa wa Section 58 hapa Nakuru akizima redio hapo mimi siwezi kumlaumu.

Lakini sikiza maneno ya nyimbo zao basi. War Pigs ya 1970 inawalaani wakubwa wanaoanzisha vita halafu maskini ndio wanaenda kufa, na siku ya hukumu hao wakubwa wanatambaa kwa magoti mbele za Mungu, kweli Shetani anatajwa pale mwisho lakini anawacheka wao. After Forever ya 1971 nayo inamtetea Mungu waziwazi, ungeipeleka kwa vijana wa kanisa wangeijadili jioni nzima. Tena mengi ya maneno hayo aliyaandika mpiga besi wa bendi, Geezer Butler, aliyelelewa Mkatoliki. Ozzy alileta sauti, na sauti yenyewe haikuwa na mbwembwe, kwa wimbo wa Iron Man inafuata gita hatua kwa hatua, lakini ukiisikia sekunde mbili tu unajua ni yeye. Mtoto wa Aston, Birmingham, familia ya watoto sita, alifanya kazi kichinjioni, akafungwa kwa wizi akiwa kijana, halafu akafika alikofika. Hiyo naiheshimu sana.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka 1989, akiwa amelewa na kutumia dawa, alimkaba koo mkewe Sharon na akakamatwa kwa jaribio la kuua. Sharon hakuendelea na kesi, jamaa akapelekwa kutibiwa ulevi. Huyo Sharon ndiye alikuwa meneja wake na ndiye alimwokota baada ya bendi kumfukuza 1979. Hii ndio inaniuma, kwa sababu tunaijua, kwenye ploti zetu mama anapigwa usiku majirani wote wanasikia, asubuhi wanasema ni pombe tu, na mahubiri ya Jumapili yanaenda kwa tisheti yenye fuvu. Mashabiki nao wanafanya vilevile, wanaihesabu 1989 kama moja ya vituko vyake, popo na Sharon kwa pumzi moja.

Kuna watakaosema alibadilika, na ni kweli walikaa pamoja mpaka mwisho. Tarehe 5 Julai 2025 aliimba Villa Park, ule uwanja wa Aston Villa karibu na alikozaliwa, ameketi kwa kiti cheusi kwa sababu Parkinson, ule ugonjwa wa neva, ilikuwa imemmaliza miguu, mikono tu ndio inapiga makofi, na faida ikaenda kwa utafiti wa Parkinson na kwa watoto wagonjwa. Siku 17 baadaye akaaga. Hayo yote nayaweka kwa mizani na bado nasema alikuwa mwimbaji mkubwa, nyimbo zake nitaendelea kuzicheza kwa sauti, lakini mtu akinihadithia ya Sharon huku anacheka nitamkatiza hapo hapo.