Chenji ya Mtoto na Supu ya Mgonjwa

Mtaani kwetu Malindi kuna mwenye duka ambaye, mtoto akitumwa sukari na noti asiyoijulia hesabu, humwekea chenji kiganjani sarafu moja moja, kisha humkunja vidole. Mimi humkumbuka kila nisomapo mfano wa Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili alimtaja mwenye duka asiyempunja hata mtoto, akauliza: je, anatenda hivyo kwa kuwa ni wajibu wake, au kwa kuwa sifa njema huleta wateja? Jeremy Bentham wa Uingereza, aliyeishi zama hizo hizo, angetazama matokeo tu.

Masufi wa Kikristo, yaani wanaomtafuta Mungu ndani ya moyo kwa sala na tafakuri (neno si lao, ila hapa pwani ndilo linaloeleweka upesi) huanzia kwingine. Meister Eckhart, mtawa wa Kidominiko aliyefariki dunia takriban mwaka 1328, alifundisha kwamba mtu aliyezama katika maono makuu kama ya Mtume Paulo, akijua kuna mgonjwa anayehitaji supu, ni heri ayaache maono akamhudumie. Kwao, kazi ya kwanza ya maadili ni kuisafisha nafsi hadi iweze kumwona huyo mgonjwa. Eckhart naye alikuwa Mjerumani, kwa hiyo tunaposema "fikra za Magharibi" kana kwamba ni kitu kimoja, tunajidanganya. Na mizizi ya njia yake inafika kwa wakaapweke wa jangwa la Misri katika karne ya 4, hapa hapa Afrika.

Nalisema hili kwa sababu ya mkasa wa msitu wa Shakahola, hapa hapa kaunti ya Kilifi. Tangu mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 msituni humo ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, nimesikia mara nyingi kwamba dini ya maono ndiyo iliyowaua na kwamba dawa yake ni akili ya Kizungu. Sikubali. Yohane wa Msalaba, Mhispania aliyetiwa kifungoni na watawa wenzake huko Toledo mwaka 1577, aliwaonya wafuasi wake wasiyakimbilie maono hata yakionekana kutoka kwa Mungu. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika Mazoezi yake ya Kiroho alitaka kila wazo lichunguzwe mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, kwa kuwa pepo mwovu huweza kuja katika sura ya malaika wa nuru. Mwenzake, mmisionari Fransisko Ksaveri, aliyelelewa katika mazoezi hayo, alitua Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti bado liko karibu na bahari. Uchunguzi huo ulitufikia kabla Kant hajazaliwa.

Na Kant mwenyewe alikiri kwamba mtu hawezi kuzijua kikamilifu siri za nia yake. Hapo anakutana na Ignatius. Wanapoachana ni kwenye upendo: Kant huuona wajibu waziwazi zaidi pale moyo usipovutwa na chochote, ilhali masufi hutaka moyo uvutwe mpaka wajibu usahaulike.

Siku moja nilimuuliza yule mwenye duka, ambaye ni Mwislamu na hana habari na wote hawa, kwa nini huwakunja watoto vidole. Alinitazama kama niliyeuliza upuuzi.

"Akiziangusha njiani, si atapigwa kwao?"