Tarehe moja ya Finland na hoja ya kutetea madarasa ya lugha

Serikali za Ulaya zinapobana matumizi, programu za kuwasaidia wahamiaji huandamwa mapema. Wakosoaji wana hoja nzito: mtu anakaa darasani mwaka mzima akilipwa posho, na akitoka bado hana kazi.

Shida ni wanavyopima. Anayepata kazi haraka huacha darasa, anayebaki ndiye mwenye safari ndefu. Ukiwalinganisha hao wawili, darasa litaonekana bovu hata kama ni zuri.

Finland ilitoa kipimo kilicho safi zaidi. Sheria iliyoanza Mei 1999 iliwataka wahamiaji wasio na kazi waketi na ofisi ya ajira na kuandika mpango binafsi: lugha gani, mafunzo gani, kwa utaratibu upi. Iliwabana walioandikishwa kuwa wakazi kuanzia tarehe 1 Mei 1997, waliotangulia hawakulazimika. Aliyeandikishwa Aprili na aliyeandikishwa Mei wanatofautiana tarehe tu. Watafiti Matti Sarvimäki na Kari Hämäläinen waliwafuatilia kwa miaka kumi: kwa walioingizwa kwenye mpango na sheria hiyo, jumla ya mapato ilipanda asilimia 47, na posho walizopokea zikashuka asilimia 13.

Hiyo 47 isomwe kwa makini. Ni ongezeko juu ya kipato kidogo, na haisemi kwamba waliwafikia wenyeji. Lakini kilicholeta ongezeko hilo ndicho kinachopaswa kuzungumzwa zaidi: kiasi cha mafunzo kwa jumla hakikuongezeka. Kilichobadilika ni aina yake. Kozi za kutafuta kazi zilipungua, za lugha zikaongezeka. Kumfundisha mtu kuandika barua ya maombi kwa Kifini kabla hajaweza kusoma tangazo la kazi ni kumpotezea muda.

Denmark ilijaribu njia ya pili. Julai 2002 ilikata sana posho za wakimbizi wapya. Ajira ilipanda upesi, na hilo lisifichwe, ila baada ya miaka michache faida ikayeyuka. Wizi, hasa wa madukani, uliongezeka, na wanawake wengi wakajiondoa kabisa kwenye soko la ajira.

Tathmini inayokoma mwaka wa pili ingeipa Denmark ushindi. Miezi ya darasani ni miezi bila mshahara, kwa hiyo hapo mwanzo gharama yote inaonekana, mavuno bado. Anayetaka kujua ukweli apime mwaka wa tano na wa kumi, atenganishe waliosoma na wasiowahi kushika kalamu, na ahesabu pia siku alizongoja mtu tangu mpango uandikwe hadi darasa lianze.