Hiro akizidi nguvu, akatwe haraka au watu waachwe watafute dawa?

Kila apdeti ikitoka kwenye hizi gemu za timu za kupigana mtandaoni, iwe League of Legends, Dota 2, Mobile Legends ama Overwatch, ubishi unaoibuka ni ule ule. Kuna hiro mmoja (mhusika unayemchagua kucheza naye) au mpangilio fulani wa timu umeshika kila mechi, basi kundi moja linataka apunguzwe makali leo leo, na lingine linasema tulieni bwana, chezeni tu, dawa yake ipo mtaiona. Mi naona wote wana hoja za kweli ila wote wamekazana na kipimo kimoja, anashinda kiasi gani. Swali ambalo mi naanzaga nalo ni jingine, huyu anayecheza dhidi yake ana la kufanya au hana?

Asilimia ya ushindi inadanganya kirahisi sana. Mfumo wa kupanga mechi wenyewe unajitahidi kukukutanisha na watu wa level yako, kwa hiyo kila mtu anavutwa kuelekea asilimia 50 hata akimchezea hiro mbovu. Af hiro mgumu kucheza mara nyingi anabaki mikononi mwa wachache waliomkomalia, hivo namba yake inapanda sio kwamba yeye ni hatari, ni kwamba wanaomchukua ni wazoefu wake. Na kuna kinyume chake ambacho ndo kinaumiza kichwa zaidi, mfano Azir wa League of Legends. Huyu anasimamisha askari wa mchanga, wao ndo wanapiga yeye yuko mbali. Akiona mwanya anateleza kuwafuata askari wake, anawapita wapinzani, na kabla hawajageuka anainua ukuta wa ngao unaowasukuma wote kuelekea kwa timu yake, na hapo wenzake wanasubiri kumalizia. Ni vitufe vinne vitano ndani ya muda mfupi mno, ukikosea kimoja umejipeleka mwenyewe kufa. Kwa mapro, wale wachezaji wa kulipwa, ni silaha ya kila siku, kwa sisi wa kawaida amekuwa akikaa chini ya 50 miaka na miaka.

Sasa unamfanyaje mtu kama huyo? Mwaka 2019 Riot, wenye League of Legends, walitoa wazi mfumo wao wa kuamua, wakawagawa wachezaji makundi manne, wa kawaida, wenye skili, wa juu kabisa, na mapro. Hiro akizidi nguvu kwenye kundi lolote moja tu anapunguzwa, ila ili aongezewe nguvu lazima awe dhaifu kwenye makundi yote manne. Kimantiki inaeleweka, usimwongezee mtu nguvu huku chini af huko juu akawa jinamizi. Lakini matokeo yake ni kwamba anayempenda Azir na anacheza jioni baada ya kazi analipia makosa ya watu wa kwenye jukwaa ambao hatakutana nao maisha yake yote. Mi nakubali uamuzi ule ila sikubali ukiitwa usawa, ni kuchagua nani aumie, na wao walichagua. Angalau walisema, na hiyo naiheshimu.

Tuje kwenye ile hoja ya tulieni dawa ipo. Mfano mkubwa kuliko yote ni GOATS, mpangilio wa timu wa Overwatch, na watu wengi wanausimulia nusu nusu. Mwaka 2018 ikaanza kutumika timu ya tanki watatu (wa kukinga wenzao) na sapoti watatu (wa kuponya na kusaidia), hakuna hata hiro mmoja wa dameji, yani wa kuua. Reinhardt na ngao yake mbele, Zarya anawafunika wenzake, D.Va anameza risasi, nyuma kuna Lúcio wa kuwapa mwendo, Zenyatta wa kumtia alama adui aumie zaidi, na Brigitte aliyeingia mwaka huo huo wa 2018 akija na silaha ya kuponya kila anapopiga. Wanatembea kama mtu mmoja. Ukimpiga yeyote kati yao anaponywa kabla hajafa, wakikufikia umekwisha, na kwa vile wanapiga na kuponya muda wote ulti zao, ule uwezo mkubwa wa kila hiro, zinajaa haraka. Wataalamu wa Widowmaker na Tracer, watu waliojenga jina kwa kulenga shabaha, wakajikuta wamekaa benchi au wanajifunza Brigitte na Zarya kwa lazima.

Kambi ya tulieni inapenda kusema hivi, mwezi wa saba 2019 Shanghai Dragons, timu ambayo msimu wa 2018 ilipoteza mechi 40 bila kushinda hata moja, ilichukua fainali ya Stage 3, awamu ya tatu ya msimu wa ligi ya mapro, Overwatch League, mbele ya San Francisco Shock kwa kucheza na mahiro wa dameji, Pharah akiwa juu angani ambako nyundo ya Reinhardt haifiki. Yani GOATS ilivunjwa na wachezaji, kwa ubunifu, af Blizzard, wenye Overwatch, wakaja na sheria ya tanki wawili, dameji wawili, sapoti wawili kwenye Stage 4 wakaufunga mlango wakati watu ndo kwanza wameufungua. Hii hoja ina nguvu, na mi kila nikiikumbuka ile fainali naona ndo kilele cha mkakati kwenye gemu ile, timu iliyodharauliwa imeleta jibu ambalo mabingwa hawakulitegemea.

Ila tuwe wakweli. Kabla ya hapo Blizzard walishawagusa Brigitte na wenzake kwa apdeti kadhaa, kwa hiyo GOATS iliyovunjwa haikuwa ile ya mwanzo. Na pia ilichukua miezi mingi, na waliofanikiwa ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi kutwa nzima pamoja. Mtu aliyeingia mechi peke yake na wenzake watano asiowajua, wengine hawana hata maiki, dawa ile ya Shanghai haimsaidii kitu. Anachokiona yeye ni kwamba anakufa akiwa amegandishwa na Brigitte bila hata kufyatua. Kumwambia asubiri ni kumwambia aache gemu, na watu waliacha.

Na ile sheria nayo haikuja bure. Ilileta utulivu kweli, kila mtu akajua kazi yake, lakini foleni ya wanaotaka kucheza dameji ikawa ndefu maana tanki hawatoshi, na Overwatch 2 ilipotoka mwezi wa kumi 2022 wakamtoa tanki mmoja kabisa, ikawa watano kwa watano. Tanki akabaki mmoja, na huyo mmoja ikabidi awe mnene kweli kweli la sivyo timu haina mbele, halafu akikutana na tanki mwenye jibu lake mechi nzima inakuwa ni kubadilishana mahiro tu, mimi nachukua huyu, we unachukua anayemshinda. Mwisho wa 2024 wakaanza tena kujaribu sita kwa sita. Kwa hiyo ukiona mtu anasema wangebana tu kila mtu na kazi yake matatizo yaishe, mwambie imejaribiwa, na tatizo lilihama tu likaenda kwa tanki.

Upande wa Dota 2 utamaduni ni tofauti. Kule zana za kujitetea ziko nyingi mno, kuna vitu vya kununua vya kumnyamazisha mtu asitumie uwezo wake, vya kukufanya usigusike na uchawi, vya kumtoa adui kwenye pigano kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo hiro mkali anakutana na ukuta hata bila apdeti. Mwaka 2018 Valve, wenye Dota 2, walijaribu apdeti ndogo kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, baadaye wakaachana na hilo wakarudi kwenye apdeti kubwa zinazokuja kwa nafasi. Na nafasi hiyo ndo inazaa vitu kama cha timu ya OG kwenye The International 2019, mashindano ya dunia ya Dota 2. Io ni kile kimpira cha mwanga ambacho kila mtu alikizoea kama sapoti, kinajifunga na mwenzake kumponya na kumpa mwendo. OG wakampa Io pesa zote za timu, wakamfanya ndo muuaji mkuu, wapinzani wakawa hawajui hata wampangie nani maana wakimwona kwenye drafti, ile hatua ya kuchagua mahiro kabla ya mechi, hawaelewi anaenda kucheza nafasi gani. Wakachukua ubingwa wa pili mfululizo. Gemu inayobadilishwa kila baada ya siku 14 inawapa watu muda wa kunakili kilichopo, muda wa kugundua kitu cha aina ile unakuwa mchache sana.

Hata hivyo Dota ina bei yake. Ili hizo zana zikusaidie lazima uzijue, zote, na ujue dhidi ya nani unanunua ipi na dakika ya ngapi. Mgeni akipigwa na hiro mmoja mara nne mfululizo jibu lipo dukani ila hajui kama lipo. Anayeshabikia njia ya Valve anasahaugi kwamba inawafaa zaidi waliokaa humo muda mrefu.

Hapo ndo narudi kwenye swali langu la mwanzo, na nitalipima kwa mahiro wawili wa kuponya. Mwaka 2021 timu ya Blacklist International ya Ufilipino ilibeba ubingwa wa dunia wa Mobile Legends, ule wa M3, na mchezo uliowapa jina walikuwa wanauita UBE, Estes anaponya kundi zima, Mathilda anawabeba wenzake kuingia na kutoka, vita vinarefushwa mpaka mpinzani anaishiwa. Kukutana nao ilikuwa mateso. Lakini la kufanya lilikuwepo, unanunua Sea Halberd au Dominance Ice uponyaji upungue, unamvizia Estes kabla vita havijaanza maana hana mbio, ama unambani kwenye drafti, yani unamzuia asichaguliwe kabisa, na timu zilimbani sana, Blacklist nao wakalazimika kuwa na mpango wa pili. Mi naona huo ndo mkakati wenyewe, na anayetaka kitu kama kile kikatwe haraka mi sikubaliani naye.

Sasa mweke pembeni Yuumi wa League of Legends aliyetoka 2019. Anajibandika kwa mwenzake, na akishajibandika huwezi kumlenga kabisa. Humpigi, humgandishi, humvizii, anaponya tu akiwa mgongoni. Alikuwa na vipindi vingi ambavyo asilimia yake ya ushindi kwa watu wa kawaida haikutisha hata kidogo na bado watu walimbani kila mechi, na mapro walimtafuta. Walimpunguza namba mara nyingi sana bila amani kupatikana, mpaka 2023 wakamtengeneza upya. Mnapunguza uponyaji wake kwa pointi kadhaa wakati kinachowaudhi watu ni kwamba hawana pa kumshika? Kitu cha namna hiyo kiguswe siku ya kwanza, tena kiguswe kwenye umbo lake, hata kama anashinda asilimia 46.

Kati ya hizo njia mbili kuna hii ya kubani, na mi naiona imedharauliwa muda mrefu. Gemu nyingine ya aina hii, Marvel Rivals, ilipotoka mwezi wa 12 mwaka 2024 bani zilikuwa za ranki za juu tu, Diamond kwenda juu, baadaye zikashushwa hadi Gold, na Overwatch nayo ikaleta bani 2025. Uzuri wake ni kwamba wachezaji wenyewe wanaamua leo nani atoke bila kusubiri apdeti. Ubaya upo pia, mtu aliyemkomalia hiro mmoja anaweza kumkosa kila mechi, na developa anaweza kulala, aseme si mnambani, kuna haraka gani. Kwa hiyo bani inapunguza maumivu wakati mnasubiri, ila hiro akibaniwa karibu kila mechi kwa miezi hapo tayari ana ugonjwa, asiachwe.

Kwa mapro League of Legends walienda mbali zaidi 2025 na Fearless Draft, hiro akishatumika kwenye mechi moja ya mfululizo haruhusiwi tena kwenye zinazofuata. Wapo waliolalamika kwamba mechi ya tano inakuwa na mahiro ambao hawajafanyiwa mazoezi ya kutosha, na ni kweli makosa yanaonekana. Mi nachagua makosa hayo kuliko kuangalia mechi tano za Azir yule yule. Ila kwetu huku kwenye ranki Fearless Draft haitusaidii, hatuchezi mfululizo. Kwetu ningeomba kitu kimoja kidogo tu, kwenye maelezo ya kila apdeti, karibu na zile namba za dameji na sekunde za kusubiri, waandike mstari mmoja wa huyu hiro anazuiwaje. Wakikwama kuuandika, hiro huyo arudi kwenye karakana kabla hajatufikia.