Dodoma na hewa ukaa: tuanzie jikoni

Tangu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, azindue kampeni ya Kijanisha Dodoma mwaka 2017, mche umekuwa jibu la haraka kila linapoulizwa swali la jiji hili kufikia sifuri ya hewa ukaa, yaani kutotoa angani zaidi ya kinachonyonywa. Sina ugomvi na miche. Ila mvua yetu ni kama milimita 550 kwa mwaka, tena ya msimu mmoja, na ikifika Juni mche unagombea maji na binadamu.

Wapo wanaosema sifuri hiyo haituhusu, na hawabahatishi. Mchango wa Tanzania katika hewa ukaa ya dunia ni mdogo mno. Copenhagen yenyewe, mji mkuu wa Denmark, pamoja na utajiri wake, ilijiwekea lengo la kufikia sifuri 2025 na kufikia 2022 ikakiri kwamba haitalifikia. Sasa jiji la watu 765,179 kwa sensa ya 2022, lenye mitaa inayosubiri maji ya mgawo, lijitwishe mzigo huo kwa lipi?

Wanaowapinga wanaonyesha kidole mji wa Serikali wa Mtumba, uwanja mpya wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko: mji bado unajengwa, na ni rahisi kupanga kuliko kubomoa. Treni ya umeme imeshafika tangu 2024, na Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115 bila kuchoma chochote.

Mimi niko na hawa wa pili, kwa sharti moja: mkaa tunaopikia uhesabiwe kwenye hewa ukaa ya jiji. Mti unakatwa na tanuri linafukiwa vijijini, nje kabisa ya mipaka ya jiji. Gunia ndilo linaloingia mjini, juu ya pikipiki. Hesabu ikiishia kwenye mipaka, Dodoma itaonekana safi huku miti ya mikungugu inaisha kwa jirani. Baadhi ya fedha za miche zingefaa zaidi huko, kwenye kisiki hai: mkulima anachagua machipukizi machache kwenye kisiki kilichopo shambani, anapogoa mengine, na mizizi ya zamani inajitafutia maji.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Hapo gesi ndiyo inayosukumwa zaidi. Inaokoa miti, kweli, lakini nayo hutoa hewa ukaa, kwa hiyo haitufikishi kwenye sifuri. Halafu mtungi ukiisha tarehe 20, unadai hela ya mkupuo. Mkaa unapimwa kwa kopo, hata la ugali wa leo tu.

Umeme nao hununuliwa kidogo kidogo kwa LUKU, yaani unalipa kabla ya kutumia, na jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa uniti chache. Kikwazo ni bei. Mteja mdogo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Mwenye friji na televisheni akianza kupikia umeme kila siku, anavuka kwa urahisi, na kila uniti ya ziada ni zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Ningepandisha kikomo hicho kabla ya kuzindua bustani nyingine. TANESCO, shirika la umeme, itasema mapato yatapungua, na ni kweli yatapungua. Basi pengo hilo lijazwe na bajeti ya mazingira, maana hiyo ndiyo kazi yake.